Paka Hakojoi Kwenye Kochi kwa Kisirani

Harufu ya mkojo wa paka haina mfano wake. Ukishaingia kwenye godoro au kwenye mto wa kochi, utafua, utaanika, utafukiza udi, na siku ya unyevunyevu harufu itarudi kana kwamba mkojo umemwagwa asubuhi ile ile. Ndiyo maana paka wengi waliopendwa tangu wakiwa wadogo huishia kutiwa kwenye kiroba na kwenda kutupwa sokoni, au hupigwa kila siku mpaka wakahama wenyewe. Swali la wenye paka katika hali hiyo huwa ni lile lile kila mahali: nimfanye nini huyu ili akome? Hoja yangu ni kwamba swali hilo limeanzia mwisho. Paka anayekojoa nje ya choo chake mara nyingi anatafuta choo, kwa sababu kile alichopewa amekiona hakimfai. Au mwili unamuuma kiasi kwamba hawahi kufika. Au anachokifanya si haja ndogo hata kidogo, ni tangazo kwa paka wenzake. Mambo hayo ni matatu na kila moja lina njia yake. Tiba ya moja haiponyi jingine, na hakuna hata moja linaloponywa kwa fimbo.

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, yule ambaye wanasayansi humwita Felis lybica, na ambaye bado yupo porini katika nchi zetu. Ni mnyama wa nchi kavu. Figo zake zimeumbwa kubana maji, ndiyo maana mkojo wake ni mzito na mkali. Desturi yake ni kuchimba udongo laini, kumaliza haja, kisha kufukia. Mtoto wa paka akikaribia wiki nne huanza kukwangua mchanga bila kusubiri kufundishwa na binadamu yeyote. Kwa hiyo paka haji nyumbani kwako bila adabu ya choo, anakuja nayo. Kilichobadilika ni nyumba. Nyumba ya bibi ilikuwa na ua, nyuma ya ua kulikuwa na mchanga, na paka alikuwa na choo kikubwa kama mtaa. Leo paka wa ukoo huo huo anaishi ghorofa ya tatu Kariakoo au Eastleigh, juu ya vigae, madirisha yana nondo na nyavu za mbu, na vitu pekee vilivyo laini chini ya nyayo zake ni kochi, godoro na kapu la nguo chafu. Hata Marekani, zamani watu waliofuga paka ndani walitumia mchanga, majivu au vumbi la mbao. Ni mwaka 1947 ambapo Edward Lowe wa jimbo la Michigan alimpa jirani yake udongo mkavu unaofyonza maji badala ya majivu, na kutoka hapo ikazaliwa biashara ya mchanga wa paka unaouzwa kwa mifuko hadi kwenye maduka makubwa ya kwetu. Yaani maisha ya paka asiyetoka nje yamejengwa juu ya beseni moja la mchanga. Beseni likikosewa, mengine yote yanayumba.

Najua watakaonikatalia hapa. Watasema paka anajua afanyalo: ukisafiri siku mbili, ukirudi unakuta amekojoa kitandani, tena upande wako, na ukiingia tu anajificha kwa sababu moyo unamsuta. Tukio lenyewe silikanushi, linatokea kweli. Nakanusha tafsiri. Kitanda ndipo harufu ya mwenye nyumba ilipokolea, na paka aliyeingiwa na wasiwasi hupenda kuchanganya harufu yake na harufu anayoitegemea. Zaidi ya hapo, katika siku mbili hizo huenda hakuna aliyezoa uchafu wa beseni lake. Kisasi kinataka mtu apange leo jambo la kumuumiza mwenzake kesho, na hakuna ushahidi kwamba paka hupanga hivyo. Kule kujificha ni kusoma uso na sauti yako, kwani keshajifunza kwamba ukisimama hivyo na kunusa hivyo kinachofuata ni kipigo. Wengine husema dawa ya moto ni moto, wakamshika shingo na kumsugua pua kwenye mkojo. Paka hana namna ya kuunganisha adhabu hiyo na jambo alilolifanya saa tatu zilizopita. Anachojifunza ni kwamba wewe ni hatari, na kwamba akitaka kukojoa ni salama zaidi aende nyuma ya kabati usikomwona. Na kwa kuwa hofu yenyewe ni moja ya sababu zinazomfanya paka akojoe ovyo, anayempiga anakoleza moto ule ule anaodhani anauzima.

Kabla ya kununua chochote au kuhamisha chochote, tazama mkojo wenyewe uko wapi na umekaaje. Paka anayekojoa kwa haja huchuchumaa, na anachoacha ni dimbwi: sakafuni, kitandani, kwenye zulia, ndani ya karai la nguo. Paka anayenyunyiza husimama. Hugeuza mgongo kuelekea ukuta, pazia au mguu wa meza, huinua mkia wima kama mlingoti, ncha ya mkia ikatetema, nyayo za nyuma zikapigapiga chini kama anakanyaga unga, kisha mkojo kidogo ukaruka kwa nyuma na kuteremka kwa michirizi. Ukiona michirizi kwenye ukuta kwa kimo cha goti au chini yake, hapo una suala la mipaka na uzazi, na kubadilisha mchanga hakutakusaidia. Ukiona dimbwi, ujue unashughulika na mwili au na choo. Watu wengi hupoteza miezi kwa kutibu kimoja huku ugonjwa ni kingine, na yote hayo kwa sababu hawakutenga dakika tano za kuangalia.

Ikiwa ni dimbwi, mwili ndio unaotangulia. Paka anayeingia kwenye beseni mara kwa mara, anachuchumaa kwa muda mrefu, anatoa matone au hatoi kitu, analia, kisha anajilamba sana chini ya mkia, ana maumivu kwenye njia ya mkojo. Akiwa ni dume, huenda njia hiyo imeziba kabisa, kwa kuwa mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba mno na punje ndogo ya changarawe au kamasi ngumu inatosha kuufunga. Hilo si jambo la kusubiri Jumatatu. Dume aliyezibwa huacha kula, hutapika, hulegea, na anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu kwa sumu ambayo mwili umeshindwa kuitoa. Daktari wa mifugo anaweza kumfungulia njia kwa mpira mwembamba, ila anatakiwa ampate mapema. Wengi wenye paka huiona hali hiyo wakadhani paka amefunga choo kikubwa, wakamnywesha mafuta, na saa zikapita. Kinachotakiwa ni kuangalia kama mkojo unatoka.

Magonjwa mengine hayana haraka hiyo, ila yanaumiza: uvimbe wa kibofu, mawe, kisukari, na kwa paka wazee figo zilizochoka zinazowafanya wanywe maji mengi na kukojoa kuliko beseni linavyohimili. Paka mwenye maumivu ya viungo naye hushindwa kuruka ukingo mrefu wa beseni, akaishia pembeni yake. Tena maumivu huacha kumbukumbu. Paka aliyeumwa kila alipokojoa kwenye beseni huamini kwamba beseni ndilo linalomuuma, na hata baada ya kupona atalikwepa. Neno moja ninaomba lishikwe hata kama mengine yatasahaulika: usimpe paka dawa ya maumivu ya binadamu. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja parasetamoli, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua.

Daktari akishasema mwili ni mzima, au akishautibu, ndipo tunafika kwenye choo, na hapa ndipo makosa mengi yalipo. Kosa la kwanza ni udogo. Vile visanduku vya kuuzwa dukani vimetengenezwa vitoshee kona ya bafu ya binadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwapa paka wa majumbani vyoo viwili, kimoja cha kawaida na kingine chenye urefu wa sentimita 86, na walichagua kile kikubwa mara nyingi zaidi. Kanuni ya madaktari wengi ni kwamba urefu wa choo uwe mara moja na nusu ya urefu wa paka kuanzia puani hadi mkia unapoanzia. Ajabu ni kwamba jambo hili kwetu ni rahisi kuliko Ulaya, maana beseni kubwa la kufulia nguo, lile pana la plastiki linalouzwa kila soko, linafaa kuliko kisanduku cha dukani chenye bei kubwa zaidi. Paka akiwa mzee au mwenye maumivu, kata upande mmoja kwa kisu cha moto uwe mlango wa chini, kisha usugue ukingo kwa msasa usimkate.

Kosa la pili ni kile kinachotiwa ndani. Nyayo za paka ni laini kuliko tunavyodhani, na kwa ujumla paka hupenda punje ndogo za kukanyagika kama mchanga mwembamba, zisizo na manukato. Maranda makubwa ya seremala humchoma. Vipande vya magazeti humtelezesha. Mchanga wa maduka uliotiwa harufu ya maua umetengenezwa kumfurahisha mnunuzi, na paka mwenyewe, mwenye pua kali kuliko yetu mara nyingi, anauona kama mtu aliyefungiwa chooni na chupa ya marashi iliyovunjika. Mtazame akiwa ndani ya beseni, atakuambia mwenyewe. Anayeridhika huingia na miguu yote minne, hunusa, huchimba kishimo, hugeuka, humaliza, hufukia bila pupa. Asiyeridhika husimama na miguu ya mbele juu ya ukingo, hukung'uta nyayo kila akikanyaga, hafukii, au hukwangua ukuta wa beseni badala ya mchanga, kisha hutoka mbio. Ukiona hivyo kwa siku kadhaa, badilisha mchanga kabla hajakubadilishia choo. Mchanga wa ujenzi uliochekechwa, ukaoshwa na kukaushwa juani, ni mzuri na ni wa bei nafuu. Utie kwa kina cha vidole vitatu. Mchanga wa ufukweni nao unafaa ukiusuuza kwa maji ya bomba hadi chumvi itoke.

Usafi unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wengi wanadhani kinachomkera paka ni harufu ya choo kilichotumika. Utafiti mmoja wa mwaka 2017 ulilitenganisha jambo hilo kwa ustadi: ulitumia hata vinyesi na vibonge vya bandia visivyo na harufu, na ukaona kwamba paka waliepuka choo kilichojaa vitu, iwe vina harufu au havina. Kwa maneno mengine, kinachomkataza ni kukosa mahali pasafi pa kuweka nyayo zake na kuchimba. Ndiyo maana kumwagia beseni unga wa kuondoa harufu hakusaidii kitu, wakati kuzoa vibonge mara mbili kwa siku kwa kijiko chenye matundu kunasaidia sana. Mchanga wote ubadilishwe kila wiki, au mara nyingi zaidi ikiwa ni wa aina isiyoganda ukilowa, na beseni lioshwe kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto. Kuzoa kila siku kuna faida nyingine kwa nyumba yenye mjamzito: vimelea vya toksoplazma, ambavyo hutoka kwenye kinyesi na si kwenye mkojo, huhitaji angalau siku moja nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Mjamzito asizoe yeye, lakini asimfukuze paka pia.

Halafu kuna mahali na idadi. Mwongozo uliotolewa mwaka 2014 na vyama vya madaktari wa paka unashauri choo kimoja kwa kila paka na kimoja cha ziada, na viwekwe sehemu tofauti. Hapa ndipo msomaji anayeishi chumba na sebule huweka gazeti chini akasema huu ni ushauri wa matajiri. Pingamizi hilo nalipa uzito wake. Chumba kimoja hakina nafasi ya mabeseni matatu, na sitaki mtu avunje moyo kwa sababu hiyo. Ila tuangalie kanuni hiyo ilitokana na nini. Paka wengi hupenda kukojoa mahali pamoja na kunya pengine, na paka wawili wasioelewana huzuiana njia: mmoja hulala tu mlangoni, bila kupigana wala kunguruma, na mwenzake hathubutu kupita. Mabeseni mawili yakiwekwa bega kwa bega, kwa paka hilo ni choo kimoja chenye mlinzi mmoja. Kwa hiyo mwenye paka mmoja na nafasi finyu anaweza kuanza na beseni moja kubwa linalozolewa vizuri, na akiona shida inaendelea aongeze la pili, moja chini ya kitanda na jingine kwenye kona ya sebule, kabla ya kumkatia tamaa. Gharama ya beseni la pili ni ndogo kuliko gharama ya godoro. Lisiwe karibu na chakula chake, maana hakuna mnyama msafi anayekula chooni. Lisiwe kando ya mashine ya kufulia, jenereta au mlango unaobamizwa. Na lisiwe mwisho wa korido isiyo na njia ya pili ya kutokea, kwa kuwa paka akiwa amechuchumaa ni mnyama asiye na ulinzi, na analijua hilo.

Lipo kundi la paka ambalo choo chao hakina kasoro, vipimo vya mkojo havionyeshi vijidudu wala mawe, na bado kibofu kinavimba na kutoa damu, kinapoa, kisha hali inarudi. Madaktari huuita uvimbe wa kibofu usiojulikana chanzo, na ndio unaoonekana zaidi miongoni mwa paka wa umri mdogo na wa kati wenye shida ya kukojoa. Tony Buffington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio waliwafuatilia paka 46 wa aina hiyo kwa miezi 10, na ripoti yao ikatoka mwaka 2006. Tiba waliyoijaribu ilikuwa kubadilisha maisha ya nyumbani: mahali pa kupanda na kujificha, michezo, maji zaidi, vyoo bora, kupunguza ugomvi kati ya paka. Dalili za kibofu zilipungua sana, pamoja na woga na wasiwasi. Kwangu huu ndio ushahidi unaobadilisha mazungumzo yote, kwa sababu unaonyesha kwamba mstari kati ya "mwili" na "tabia" kwa paka ni mwembamba. Nyumba inayomtisha inamuumiza kibofu. Fikiria wiki ya Idi au ya Krismasi: wageni kumi, watoto wanaomvuta mkia, samani zimesogezwa, chakula kinacheleweshwa, na beseni limehamishiwa balkoni ili wageni wasilione. Paka akikojoa kwenye begi la mgeni wiki hiyo, wengi husema amemchukia mgeni. Mpe chumba kimoja chenye utulivu, beseni lake, maji yake na kiboksi cha kujifichia, na uwaombe watoto wamwache. Chakula pia kina nafasi yake. Paka anayekula vikavu tu hunywa maji machache kuliko anavyohitaji, hivyo loweka dagaa wake, umwagie chakula mchuzi wa samaki usiotiwa chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu humharibia damu, na weka bakuli la maji mbali na la chakula.

Turudi kwa yule mwenye mkia wima. Harufu kali ya mkojo wa dume inatokana na kemikali iitwayo felinini, ambayo dume asiyehasiwa huitoa kwa wingi zaidi, na kazi yake ni kutangaza. Benjamin Hart na mwenzake, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1973, waliwafuatilia madume wakubwa waliohasiwa na kukuta karibu 9 kati ya 10 waliacha au walipunguza kunyunyiza, wengi wao upesi. Hakuna beseni wala maombi yanayofikia matokeo hayo. Majike nao hunyunyiza, hasa wakati wa kutaka dume, na kuondolewa kizazi huwapunguzia. Wapo wanaosita kwa sababu ya dini, wakiona ni kubadilisha maumbile. Ni jambo zito na sitalipuuza: wanazuoni wametofautiana juu ya kuhasi wanyama, na wapo wa zama hizi walioruhusu kwa paka panapokuwa na haja na pasipokuwa na madhara kwa mnyama. Mwenye dukuduku amuulize sheikh wake, lakini amweleze hali ilivyo, ikiwa ni pamoja na hatima ya dume anayetupwa mtaani na ya watoto anaowaacha kila jaa la taka. Na kwa yule ambaye paka wake amehasiwa na bado ananyunyiza, aangalie dirishani. Mara nyingi kuna dume la jirani linalokaa juu ya ukuta kila jioni. Kuziba sehemu ya chini ya dirisha kwa karatasi isiyoonyesha, na kusafisha mlango wa nje ambako dume hilo limeacha alama, kunaweza kumaliza vita ambayo hukujua inapiganwa.

Kwa nini basi tusimfungulie mlango akajisaidie nje kama zamani? Mahali penye ua uliozungukwa na ukuta na bustani ya kuchimba, sina ubishi, ni raha kwake. Mjini, mlango huo unampeleka kwenye magari, sumu ya panya na mapigano ya usiku, na majirani wanaolalamika kwamba bustani zao zimegeuzwa choo. Lililo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni kwamba kutoka nje kunaficha ugonjwa. Dume aliyezibwa akiwa ndani utamwona anavyohangaika kwenye beseni, lakini akiwa nje utagundua amekuwa baridi.

Usafishaji nimeuacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu wengi huanza nao na kuishia nao. Lakini usipofanywa vizuri unaharibu yote yaliyotangulia, maana paka hurudi pale anaponusa alipokojoa. Katika nyumba za Waislamu jambo hili lina uzito wa pili. Paka mwenyewe si najisi na mabaki ya maji aliyokunywa hayana tatizo, lakini mkojo wake ni najisi, na mswala ulioguswa nao hausaliwi mpaka utwaharishwe. Kanuni ya fikihi ya kuondoa kwanza ain, yaani najisi yenyewe inayoonekana, kisha kupitisha maji mpaka rangi na harufu viondoke, inakwenda sambamba na kanuni ya usafi ninayoitetea hapa: usisugue mkojo mbichi, ukandamize kwa kitambaa kikavu mpaka ufyonzwe, mimina maji baridi, fyonza tena, kisha tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya, uiache ikae robo saa au zaidi kabla ya kusuuza, na uanike juani. Saruji isiyo na vigae hunywa mkojo, hivyo itahitaji kurudiwa siku mbili tatu. Madoa usiyoyaona yatafute gizani kwa ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Mkojo uliokauka hung'aa chini yake, na utashangaa ni mahali pangapi.

Vitu vitatu viache kabatini. Maji ya klorini, yale ambayo wengi huyaita Jik hata yakitengenezwa na kampuni nyingine, yakikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa yenye sumu kwa paka na kwa anayepiga deki. Dawa za kuulia vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji nyingi huwa na kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja vizuri. Anazikanyaga, anajilamba nyayo, anazimeza. Na zile punje nyeupe za kuzuia nondo kabatini, ambazo watu huzitawanya pembeni mwa kochi ili paka asisogee, ni sumu vile vile. Pilipili ya unga haiui, ila humwingia machoni akijisafisha, na hiyo ni adhabu tuliyokwisha kuikataa.

Paka aliyekwisha kuzoea kona fulani kwa miezi hatarudi kwenye beseni kwa siku moja. Mfungie kwa wiki moja au mbili katika chumba kidogo kisicho na zulia, awe na beseni kubwa upande mmoja, chakula, maji na kitanda upande mwingine, na umtembelee mara nyingi, ukae naye na kucheza naye ili asidhani ni kifungo. Akitumia beseni siku saba mfululizo, mfungulie sebule kwa saa moja ukiwepo, kesho saa mbili. Mahali alipozoea kukojoa, baada ya kupasafisha, weka bakuli lake la chakula au mto wake wa kulalia. Akishikilia kona yake kwa nguvu zote, mpe ushindi kwanza: weka beseni pale pale anapokojoa, hata kama ni katikati ya sebule na linakutia aibu mbele ya wageni. Alitumie wiki mbili bila kukosa. Kisha lisogeze kuelekea kona unayoitaka wewe, upana wa kiganja kwa siku, na siku akikosea lirudishe lilipokuwa jana.